Jamvi Lililotitia: Uhakiki wa Istilahi za Kuinua Zege

Miongoni mwa tafsiri zilizotufikia ili tuzitolee maoni imo karatasi moja ya maelekezo iliyoandikwa kwa ajili ya wenye nyumba nchini Marekani, kisha ikafasiriwa kwa Kiswahili. Yaeleza namna ya kuinua na kusawazisha zege lililoshuka kandokando ya nyumba: njia ya gari, njia ya miguu, kibaraza cha nyuma, ngazi za mlangoni, na sakafu ya banda la gari. Yumkini msomaji atashangaa kwamba jambo kama hilo lahitaji Kiswahili. Lakini katika majimbo kama Iowa na Kentucky zinaishi sasa familia nyingi zilizotoka Kongo, ambazo Kiswahili ni lugha yao ya nyumbani na ya kanisani, na wamo miongoni mwao waliokwisha kununua nyumba. Mtu huyo ndiye atakayetia sahihi mkataba na fundi, na karatasi hii ndiyo itakayompa maneno ya kuulizia. Hatutalitaja jina la mfasiri wala la waliochapa, kwa kuwa neno letu lahusu istilahi tu.

Yafaa tuseme mapema kwamba Kiswahili cha karatasi hiyo ni safi. Sarufi yake haina doa, na sentensi zake hazina harufu ya Kiingereza. Kasoro yake ni kwamba kila neno limefasiriwa peke yake, bila ya mfasiri kujiuliza kwanza kitu chenyewe hufanyaje kazi. Matokeo yake ni maelezo yanayosomeka vizuri, lakini yanayompa fundi idhini ya kuyaelekeza maji ya mvua kwenye ukuta wa mwenye nyumba. Tutalionyesha hilo mahali pake.

Neno la kwanza la kuhojiwa ni saruji. Karatasi yote yazungumzia saruji iliyozama, nyufa za saruji na kuinua saruji. Saruji ni unga. Kwetu huuzwa katika mifuko ya kilo 50. Ikichanganywa na mchanga, kokoto na maji hupatikana zege, na zege likishaganda ndilo hilo jiwe tunalolikanyaga. Kuliita zege saruji ni sawa na kuuita mkate ngano. Neno lenyewe lina ukoo mrefu. Waajemi wanalo, na nchini Oman saruji ni udongo uliochomwa ukachanganywa na chokaa, ambao ulijengea ngome na mifereji ya falaji miaka mingi kabla ya Joseph Aspdin wa Uingereza kupata hataza ya saruji ya Portland mwaka 1824. Tangu asili, basi, saruji ni kiunganishi, wala si kile kilichounganishwa. Twajua kwamba mitaani watu husema nyumba ya simenti na sakafu ya simenti, na hakuna anayepotea njia kwa hilo. Lakini katika kazi hii mashine hupiga chini ya zege mchanganyiko ambao nao una saruji ndani yake. Ikiwa kinachoinuliwa ni saruji, na kinachoinulia ni saruji, msomaji atashika lipi?

Jambo la pili ni bamba. Hatuna ugomvi na neno hili. Ni la Kiswahili, na kamusi zetu zalieleza kuwa kitu chembamba kilichonyooka, mathalani bamba la bati au la chuma. Tunachouliza ni kwa nini mfasiri alikwenda kulitafuta huko ilhali mafundi wa Tanzania wanalo neno lao kila siku. Zege linalomwagwa juu ya ardhi wao huliita jamvi. Lile linaloning'inia baina ya ghorofa na ghorofa huliita slabu. Tofauti hiyo si ya mchezo. Slabu hujibeba yenyewe kwa nondo zake, ikitegemea nguzo na kuta. Jamvi halijibebi, bali limelala juu ya udongo kama mkeka ulivyolala sakafuni, na udongo ukiondoka nalo huondoka. Slabu yaweza kupinda au kuvunjika, lakini haiwezi kutitia. Kiingereza hutumia neno moja kwa vitu hivi viwili. Kiswahili cha mafundi kimevitenga bila ya kikao wala azimio.

Desturi yetu katika kuunda istilahi ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha kwingineko. Ni desturi njema. Kwa maoni yetu, hata hivyo, tumezoea kuifuata kwa kufungua makamusi, tukasahau kwamba mahali pa kujengea nyumba napo pana Kiswahili. Huenda mtu akapinga kwamba jamvi halijulikani kwa maana hiyo Kenya wala Kongo. Ni kweli, lakini dawa yake ni ndogo. Linapotajwa mara ya kwanza liandikwe: jamvi, yaani zege lililomwagwa juu ya ardhi. Baada ya hapo picha ya mkeka itafanya kazi yake yenyewe. Upinzani mwingine tulioletewa ni kwamba kuvunja jamvi ni kumaliza mkutano. Ndiyo, na kwa fundi ni kulipasua kwa nyundo ya kilo 6. Lugha zote huishi na mambo kama hayo.

Sakafu nayo imetumika ovyo katika karatasi hii, ndani na nje ya nyumba. Asili ya neno hilo ni Kiarabu, na huko maana yake ni paa. Limeshuka kwetu hadi chini ya miguu kwa sababu, katika nyumba za mawe za pwani, dari ya chumba cha chini ndiyo sakafu ya chumba cha juu: boriti, mawe, kisha chokaa iliyopigwa kwa vipande vya mti siku kadhaa, huku nyimbo zikiimbwa, mpaka ikakamatana. Wazee wale hawakuhitaji kuambiwa maana ya kushindilia. Twapendekeza sakafu ibaki ya ndani ya nyumba.

Sasa tuje kwenye kushuka kwenyewe. Karatasi inasema zege limezama. Jahazi huzama, jua huzama, na kilichozama hakionekani tena. Jamvi lililoshuka sentimita 3 upande mmoja lingali mbele ya macho, na ndilo linalomkwaza bibi akienda kutupa taka. Kudidimia ni kwenda chini polepole bila ya kusimama. Kubonyea ni kwa kitu kilichobanwa na uzito juu yake, kama debe au mto wa kulalia. Lakini kutitia ni kwa ardhi: udongo hulegea au huondoka, na kilicho juu yake kikashuka nao. Neno hili lamtaja mkosaji. Asomaye kwamba jamvi limetitia hujua kuwa zege huenda halina kosa, na kwamba ugonjwa u chini yake. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mwenye nyumba apaswa kulielewa, maana akidhani zege limeharibika atalivunja na kumwaga jingine juu ya udongo ule ule, na baada ya miaka michache atarudi alikoanzia.

Chini ya jamvi lililotitia aghalabu pana nafasi tupu. Mfasiri ameiita utupu. Neno hilo lafaa kwa mwanafizikia. Katika karatasi ya nyumbani, mzazi atakayewasomea watoto wake habari za utupu chini ya kibaraza atapata taabu kidogo. Kiswahili kina mvungu, nafasi iliyo chini ya kitanda, na hatuoni kwa nini jamvi lisiwe na mvungu wake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na fundi wa kazi hii huanza hivyo hivyo: huinama, hugonga jamvi kwa nyundo, na kusikiliza. Palipo na udongo hutoa sauti nzito. Palipo na mvungu hulia kama ngoma. Tukisema mvungu, msomaji ataelewa hata kwa nini fundi anagonga.

Mvungu huo hutoka wapi? Hapa karatasi imepita haraka, na ni hapa ambapo istilahi zake zote zingepata msingi. Nyumba nyingi za majimbo yale zina chumba chini ya ardhi. Ili kukijenga, huchimbwa shimo pana kuliko nyumba. Kuta zikishasimama, nafasi iliyobaki nje yake hufukiwa kwa kifusi. Kifusi kikitupwa bila ya kushindiliwa tabaka kwa tabaka, huendelea kushuka chenyewe kwa miaka, na maji ya paa yakimwagwa hapo hapo hukishusha upesi zaidi. Sasa jamvi la kibaraza limelalia pande mbili: ukingo wake wa nje uko juu ya ardhi ambayo haikuguswa, na ukingo ulio ukutani uko juu ya kifusi. Utakaoshuka ni huu wa ukutani. Jamvi lililokuwa likimwaga maji mbali na nyumba, sasa layarudisha nyumbani.

Kwa sababu hiyo, neno lenye madhara makubwa kuliko yote katika karatasi hii si saruji wala utupu. Ni kusawazisha.

Sawa ni neno kubwa katika lugha yetu. Lina maana ya kulingana, ya kunyooka, ya kuwa sahihi, na hata ya kukubali. Katika kazi ya jamvi hukusanya dhana tatu ambazo fundi hawezi kuzichanganya bila ya hasara. Kuna usawa wa pimamaji, ambapo kipovu cha hewa husimama katikati. Kuna unyoofu wa uso, yaani kutokuwa na mabonde na vilima. Na kuna kulingana kwa kingo za majamvi mawili yanayopakana, ili mtu asijikwae. Neno la Kiingereza lililofasiriwa nalo limevurugika vivyo hivyo katika vinywa vya wafanya biashara, lakini fundi wa Iowa hafuati neno. Afuata alichofundishwa kazini. Mwenye nyumba asiye na kingine ila karatasi hatakuwa na pa kushika isipokuwa neno.

Na jamvi la nje halipaswi kabisa kuwa sawa kwa pimamaji. Kanuni za mfano za ujenzi wa nyumba zinazotumika Marekani zataka sehemu zisizopitisha maji, zilizo ndani ya mita 3 hivi kutoka kwenye msingi, ziiname angalau kwa asilimia 2 kuelekea mbali na nyumba. Hizo ni sentimita 2 kwa kila mita 1. Kibaraza chenye upana wa mita 3 chahitaji, basi, ukingo wake wa nje uwe chini ya ukingo wa ukutani kwa sentimita 6, ambao ni urefu wa kidole. Mwenye nyumba aliyesoma kwamba jamvi litasawazishwa atachukua pimamaji lake, atakuta kipovu kimekwenda kando, na atamnyima malipo fundi aliyefanya kazi yake vyema. Au, na hili ndilo tuliogopalo zaidi, fundi mvivu atakileta kipovu katikati, atapokea malipo, na hakuna awezaye kumshtaki, kwa kuwa mkataba wamtetea: alisema atasawazisha, naye amesawazisha. Mvua ikinyesha, maji yatasimama kibarazani, yatatafuta ufa ulio baina ya jamvi na ukuta, yatashuka kwenye kifusi na kukititisha tena, kisha yatatokea chumbani chini kwa umbo la ukungu ukutani. Gharama ya kutengeneza ukuta huo hailingani hata kidogo na gharama ya kuinua kibaraza.

Twapendekeza maneno matatu badala ya hilo moja. Kazi kwa jumla iitwe kurejesha kimo, kwa kuwa lengo ni kulirudisha jamvi pale lilipokuwa, au pale lilipopaswa kuwa. Kuziweka kingo mbili pamoja kuitwe kulinganisha kingo. Na ule mteremko mdogo unaoachwa kwa makusudi uitwe mwinamo. Mteremko tuuachie milima na barabara. Kwa istilahi hizo mkataba waweza kusema kwamba fundi atarejesha kimo cha jamvi hata mwinamo wake uwe sentimita 2 kwa kila mita 1 kutoka ukutani, na kwamba kingo za majamvi yanayopakana hazitapishana kwa zaidi ya milimita 6. Kipimo hiki cha mwisho hatukukitunga. Ndicho kikomo cha kidato kisichohitaji kuchongwa katika viwango vya Marekani vinavyotokana na sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990. Viwango hivyo havikuwekwa kwa ajili ya nyumba ya mtu binafsi, lakini mguu wa mzee ni ule ule popote.

Kidato, kwa njia, ndilo neno tulilokuwa tukilitafuta kwa ule mdomo unaotokea jamvi moja likishuka na jirani yake likabaki. Walimu watatusamehe, kabla ya kuwa darasa la sekondari lilikuwa kipandio cha ngazi.

Kuhusu namna ya kuinua, karatasi yasema kupiga jeki kwa tope. Hapa mfasiri amefuata jina la mashine. Njia hii ilianzia kwenye barabara za Iowa mwanzoni mwa miaka ya 1930, kwa mashine aliyoibuni John Poulter, na jina lake la Kiingereza linaunganisha kweli tope na jeki. Lakini jina la biashara halilazimiki kueleza ukweli, na tafsiri yake humwongoza msomaji pabaya. Jeki husukuma mahali pamoja. Jamvi likisukumwa mahali pamoja litapasuka, kwa kuwa halina nguvu ya kujibeba. Kinachotendeka ni kinyume cha jeki. Zege lenye unene wa sentimita 10 lina uzito wa kilo 240 hivi kwa mita mraba. Jamvi la mita 3 kwa 3 hupita tani 2. Ukiugawa uzito huo kwa eneo lake lote, kila sentimita mraba yabeba gramu 24 tu. Mchanganyiko unaopigwa kwa pampu kupitia matundu hujaza mvungu kwanza, huenea, kisha huliinua jamvi kwa shinikizo dogo mno, dogo kuliko lile la tairi ya baiskeli mara nyingi. Siri yote imo katika kuenea. Ndiyo maana fundi huhama kutoka tundu hadi tundu, akiinua kidogo hapa na kidogo pale. Twapendelea kuinua kwa rojo, na jeki libaki garini, au kwa magazeti ya Kenya ambako mgombea hupigwa jeki na chama chake.

Tumesema rojo, wala si tope. Tope ni linaloachwa na mvua. Hakuna atakayekubali kulilipia. Mchanganyiko huu wa udongo au mchanga laini, saruji na maji ni mzito kama mchuzi uliokaa sana motoni, na Kiswahili kimekwisha kuuita rojo.

Kabla ya kumaliza, twawakumbusha wafasiri watakaotaka kuitumia karatasi hii Afrika Mashariki kwamba si kila jamvi lenye kidato limetitia. Kwenye udongo mweusi wa tambarare za Athi na viunga vya Nairobi vilivyo upande huo, na kwenye udongo wa mbuga wa Tanzania, ardhi hufura kwa mvua na kunywea kwa kiangazi hata ikafanya nyufa pana. Hapo jamvi huweza kusukumwa juu katikati, na kingo zikaonekana kana kwamba zimeshuka. Jamvi hilo limebenuka. Kulipigia rojo chini yake ni kuongeza ugonjwa. Marekani nako, baridi kali ikigandisha maji yaliyo udongoni, jamvi hubenuka wakati wa majira ya baridi. Karatasi haina neno kwa hali hii. Kila lisilo sawa limeitwa lililozama.

Imebaki njia ya pili ya kuinua, ambayo ilianza kutumika Finland katika miaka ya 1970. Badala ya rojo hupigwa majimaji mawili ya kemikali ambayo yakikutana hufura na kuganda kwa dakika chache kuwa poliurethani, dutu iliyovumbuliwa na Otto Bayer na wenzake Ujerumani mwaka 1937. Tundu lake ni la milimita 16 hivi, ilhali la rojo hufika sentimita 4; na mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 30 hadi 65, ikilinganishwa na kilo 1,600 hivi za rojo, jambo lenye maana kubwa kwa udongo uliokwisha kushindwa na mzigo. Mfasiri ameliita sponji, kwa kuwa godoro la sponji nalo ni poliurethani. Lakini sponji hubonyea na kunywa maji, na hizo ndizo sifa mbili ambazo kitu hiki hakina budi kuzikosa. Povu lingefaa, ila povu la sabuni hufa upesi na mwenye nyumba atauliza, kwa haki, litadumu siku ngapi. Sifa moja yatosha kuondoa shaka: liandikwe povu gumu la poliurethani linapotajwa mara ya kwanza, na baada ya hapo povu gumu.